Farasi Wawili wa Ntate Mosiuoa

Kila asubuhi Keneuoe, daktari kijana, alianzia kitanda cha dirishani, na kila asubuhi maswali yalikuwa yale yale.

"Ntate Mosiuoa, uko wapi?"

"Mahali ambapo uji hauna sukari."

"Nijibu vizuri, ntate."

"Niko hospitali ya Ha Ralebese, wodi ya wanaume, kitanda kinachopigwa na upepo. Mwezi ni Julai. Wewe ni binti daktari, na jana ulivaa soksi za kijani."

"Kichwa je?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Tuseme moja ni kujikwaa kidole, na kumi ni kutamani kufa."

"Mbili."

"Jana ulisema mbili. Juzi pia mbili."

"Basi mimi ni mtu wa msimamo."

M'e Maseipati, muuguzi mkuu aliyeitwa m'e, mama, kama mgonjwa alivyoitwa ntate, baba, alikuwa akitandika kitanda cha pili. Alicheka bila kuinua kichwa. "Mtu wa msimamo na wa kofia! Mtazame alivyoivuta upande, kama wale wahuni wa migodini waliokuwa wakipigana kwa fimbo siku ya mshahara. Ntate, humu ndani hakuna msichana wa kuringiwa."

"Hakuna? Basi nipeni viatu vyangu niende kwingine."

Keneuoe alitabasamu akasogea kitanda kinachofuata. Hakujiuliza kwa nini mtu avae kofia ya sufu ndani ya wodi, tena iliyoshuka mpaka kufunika jicho moja. Baridi ya mlimani ilikuwa kali na madirisha yalivuja. Kila mtu alijifunika alivyoweza.

Mosiuoa aliletwa mwanzoni mwa majira ya baridi, amelazwa kifudifudi juu ya farasi wake mwenyewe, blanketi limefungwa kwa pini shingoni. Jirani yake Lebeko ndiye aliyeshika hatamu. Siku hiyo Mosiuoa hakujua jina lake wala mwezi. Alikuwa na homa ya uti wa mgongo, ile inayoletwa na fangasi. Fangasi hao hawaonekani kwa macho. Wengi wetu huwavuta pamoja na vumbi bila hata kupiga chafya, mwili ukawamaliza. Lakini kwa mtu ambaye kinga yake imechoka, hutoka mapafuni wakaingia kwenye damu, na kwenye damu wakapanda hadi kichwani. Kinga ya Mosiuoa ilikuwa imechoka sana. Aliacha dawa zake za kufubaza virusi baada ya mkewe kufariki. Zahanati ilikuwa mbali, alieleza baadaye, na nyumbani hapakuwa tena na mtu wa kumwuliza kama amemeza.

Keneuoe ndiye aliyemchoma sindano ya mgongo siku ile. Aliunganisha mpira wa dripu kwenye sindano, akausimamisha kando ya futi kamba iliyobandikwa kwenye mti wa dripu, na maji ya uti wa mgongo yakapanda, yakapanda, yakapita alama aliyofundishwa kuiogopa. Akayapunguza polepole. Halafu wakampa ile dawa kubwa ya mshipani, na vidonge vya kuifuatia. Kesho yake Mosiuoa alifumbua macho akauliza nani yuko na farasi wake.

Farasi aliitwa Tladi. Mosiuoa hakuwa na mtu mwingine wa kumwulizia. Mwanawe alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi migodini, na simu yake haikupokelewa tena. Saa ya wageni ilipofika, wagonjwa wengine walikaa vizuri, wakafuta midomo. Yeye aligeukia dirisha, akatazama ule mlingoti wa kufungia farasi uliokuwa mbali, upande wa chini wa ua, karibu na lango.

Chuoni, Keneuoe alifundishwa kwamba ukali wa ugonjwa huu hupimwa kwa mambo mawili makubwa. La kwanza, akili ya mgonjwa iko wapi. La pili, maji ya kichwani yanasukuma kwa nguvu gani. Akili unaipima kwa maswali. Nguvu ya maji unaipima kwa sindano. Na mtu akikataa sindano, unabaki na maneno yake tu.

Na Mosiuoa alikataa. Jirani yake wa kitanda, mzee mmoja aliyeletwa akiwa amechelewa mno, alichomwa sindano ya pili asubuhi, na jioni akafunikwa shuka usoni. Keneuoe alieleza mara nyingi kwamba si sindano iliyomwua. Lakini wodi ina hesabu yake: imeona sindano, kisha imeona jeneza.

"Nikiumwa nitasema," Mosiuoa alimwahidi.

Keneuoe alitaka kumwamini. Ila yeye naye ni Mosotho, na alikua akisikia baba yake akisema mwanaume ni kondoo, halii. Mbuzi ukimshika hupiga kelele kijiji kizima kikajua. Kondoo hulala chini ya kisu akakutazama tu. Wavulana wa kwao walilelewa kwa maneno hayo, wakaenda nayo kwenye jando, wakashuka nayo migodini, wakarudi nayo kifuani pamoja na kikohozi.

Siku daktari mkuu aliposhuka mji mkuu, Maseru, kufuata dawa, alimwita Keneuoe kando ya gari. "Theluji inakuja," alisema. "Ikianguka, njia ya mlimani itafungwa, na hatujui itafunguliwa lini. Wenye nafuu waruhusu waende makwao. Walio na hali mbaya wabaki. Wewe ndiye utakayeamua."

"Na nikikosea?"

"Watazame vizuri," daktari alisema, akapandisha kioo.

Alasiri hiyo Keneuoe alimpima Mosiuoa tena. Akili, nzuri. Mikono na miguu, ina nguvu. Homa, hakuna. Kichwa, mbili. Aliona kwamba uji ulibaki nusu kwenye bakuli, na kwamba alipoitwa aligeuza mwili mzima badala ya kugeuza shingo. Lakini kitanda kilikuwa kibaya, na uji kweli haukuwa na sukari.

"Nikikuruhusu, utapita wapi?"

"Kwenye genge la mlimani. Njia nyingine ni ya wanawake na mbuzi."

"Peke yako?"

"Na Tladi." Sauti yake ilibadilika alipotaja jina hilo. "Binti daktari, farasi akikaa muda mrefu bila mwenyewe huacha kula. Hulaza masikio. Mimi na wewe tuna watu wa kutuuliza hali. Yeye hana."

Keneuoe alituma salamu kwa Lebeko kwamba alete farasi.

Jioni, kabla mwanga haujaisha, alipanda kile kilima chenye tangi la maji, mahali pekee simu ziliposhika. Ilikuwa baridi yake ya kwanza mlimani. Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na picha ya mahafali, yeye katikati, kofia imemkaa upande, ndugu na majirani wamemzunguka. Wakati mwingine aliigeuza picha ile ikatazama ukuta.

"Umekula?" mama yake aliuliza kutoka bondeni.

"Nimekula papa na moroho, ugali na mboga kama za nyumbani."

"Na nani?"

"Na wenzangu, mama. Tupo wengi hapa."

"Keneuoe. Upweke haukusumbui?"

Upepo ulipita kwenye simu. Chini, taa ya wodi ilikuwa imewashwa, na kitanda cha dirishani kilionekana kama doa jeusi.

"Kidogo," alisema.

Alipokata simu, alibaki amesimama. Neno lile lilikuwa limemtoka kwa wepesi, bila kujikwaa popote, na halikuwa la kweli. Alijua kwa nini mtu husema neno kama hilo. Hulisema ili anayempenda alale usingizi. Au hulisema ili aachwe aende. Alishuka kilima akiwa na wasiwasi ambao hakuweza kuueleza, kwa maana wasiwasi si kipimo, na hakuna futi kamba ya kuupimia.

Asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mabega ya milima. Hewa ilinuka theluji. Mosiuoa alikuwa amevaa tangu alfajiri: buti za mpira, suruali ya zamani ya mgodini, blanketi limebanwa kwa pini, kofia upande. M'e Maseipati alikuwa amemfungia dawa zake kwenye mfuko na kumwekea kipande cha mkate.

"Usiniaibishe njiani," alimwambia. "Ukianguka kwenye genge watasema sisi ndio tuliokutupa."

"Nikianguka, m'e, nitaanguka kwa heshima. Nitavua kofia kwanza."

"Ivue sasa, basi, tukuone uso tukukumbuke."

Hakuivua. Keneuoe aliliona hilo. Aliona pia kwamba mtu aliyekuwa akicheka alikuwa ameshika ukingo wa dirisha, na vidole vyake vilikuwa vyeupe.

Langoni mbwa walibweka. Lebeko aliingia amempanda Tladi, akashuka, akamfunga kwenye mlingoti na kuanza kujipangusa miguu. Alikuwa ameamua kumwacha farasi na mwenyewe, naye apande basi la kushuka Maseru kwa binti yake kabla njia haijafungwa.

Mosiuoa alisogeza uso kwenye kioo. Ili aone vizuri aliinua kofia, macho yote mawili yakawa wazi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu wodini aliyewahi kumwona akilifanya. Alicheka peke yake, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Lebeko, Lebeko," alisema. "Kumbe amemnunulia mwenzake."

"Nani?" Keneuoe aliuliza.

"Tladi. Si huyo hapo? Na mwenziwe kando yake, wa rangi ile ile. Watakuwa wamekaa zizi moja wakati wote huu, na mimi huku naumia moyo kwamba yuko peke yake."

Keneuoe alitazama. Upande wa chini wa ua, kwenye mlingoti mrefu, palikuwa na farasi mmoja wa kahawia, amelaza masikio, mvuke ukimtoka puani. Hapakuwa na kingine isipokuwa mbwa na ndoo.

M'e Maseipati naye alikuwa amekuja nyuma yao, akatazama, akaweka mkono mdomoni.

Ukimya ule ndio uliomfikia Mosiuoa. Kicheko kilimwisha polepole. Akashusha kofia juu ya jicho la kulia, akatazama tena kwa jicho moja, muda mrefu.

"Ah," alisema.

"Kaa kitandani, ntate," Keneuoe alisema kwa upole. "Vua kofia."

Aliivua. Keneuoe alimsimamishia kidole mbele ya uso, akakipeleka polepole kushoto, halafu kulia. Jicho la kushoto lilikifuata. La kulia lilienda mpaka katikati likasimama, kama mnyama aliyefika mwisho wa kamba.

"Tangu lini?"

"Si zamani sana."

"Ntate."

"Tangu mzee yule alipofunikwa shuka. Vitu vya karibu si kitu. Bakuli ni bakuli. Ila mlangoni, langoni, huko ndiko vitu hugawanyika. Nikifunika jicho, vinatulia."

"Na kichwa? Usiniambie mbili."

Mosiuoa alitazama mikono yake. "Ukiniuliza asubuhi, ni nane. Nikikohoa, sina hesabu ya hapo."

"Kwa nini hukusema?" Sauti ya Keneuoe ilitetemeka, akaichukia kwa kutetemeka. "Nakuuliza kila siku! Nakaa hapa, nakuuliza!"

"Ndiyo. Ndiyo sababu niliamka mapema kila siku, ili niulizwe." Alikunja kofia magotini. "Utanicheka. Saa ya wageni hawa wenzangu hapa wakipata mgeni mmoja, hushukuru. Mimi sikuwa na mgeni, lakini kila aliyeingia pale mlangoni aliingia wawili. Wewe pia. Binti daktari wawili, soksi za kijani nne. Nikasema heri, tuwe wengi."

M'e Maseipati aligeuka ghafla akaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Keneuoe alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo lililokatazwa wodini.

"Nisikilize, ntate. Maji yamejaa tena kichwani. Yanasukuma, na mshipa unaovuta hilo jicho umebanwa. Yakiendelea kusukuma yatabana mshipa wa kuonea wenyewe, na ukikauka, hatuna dawa ya kuurudisha. Baadaye yatachukua akili, na baadaye yatakuchukua wewe. Kidonge hakiyatoi. Ni sindano tu. Leo, na kesho tena tukiona haja, mpaka yatulie."

"Mzee wa hapa alichomwa."

"Aliletwa na mwili ulioshachoka kupigana. Wewe umenichekesha asubuhi hii. Wawili hao si sawa."

"Na Tladi? Theluji ikifunga njia?"

"Utapita kwenye genge nawe unaona njia mbili? Utamwelekeza ipi?"

"Tladi anaijua njia."

"Tladi anaijua. Lakini atakufikisha nyumbani, halafu? Siku moja utaamka huoni hata mmoja. Nani atamlisha?"

Hilo ndilo lililomwingia. Mosiuoa alifumba macho. Nje Lebeko alikuwa amekaribia mlango, akiita kwamba basi halimsubiri mtu. M'e Maseipati alitoka kumweleza, na sauti zao zikasikika barazani.

"Haendi? Mimi nimekatwa na baridi mpaka kwenye mifupa ya babu yangu, halafu haendi?"

"Punguza sauti, wewe mzee. Mtu anaumwa."

"Alisema amepona!"

"Alisema. Na wewe ulisema utaacha tumbaku."

Kisha Lebeko, kwa sauti nyingine kabisa: "Anaumwa sana?"

Mosiuoa alifumbua macho. "Nichome," alimwambia Keneuoe. "Ila kwanza nimwone kwa karibu. Sitaki kwenda kwenye sindano huku sijui nina farasi wangapi."

Ikawa hivyo. Lebeko alimfungua Tladi akamvuta kupanda ua, huku akinung'unika, na Mosiuoa akakaa dirishani bila kofia, macho yote wazi. Baadaye alimsimulia Keneuoe alichokiona. Farasi wawili walikuja wakipanda pamoja, kichwa na kichwa, vumbi la barafu likirushwa na kwato zao. Kadiri walivyokaribia, yule wa pili alizidi kumwegemea wa kwanza, ubavu ukaingia ubavuni, shingo ikaingia shingoni, mpaka walipofika chini ya dirisha akawa ni Tladi tu, amepumua juu ya kioo na kukitia ukungu.

Mosiuoa aliweka kiganja kwenye ukungu ule. "Kumbe ulikuwa peke yako," alimwambia. "Nisamehe."

Wakamlaza ubavuni, uso ukielekea dirishani, magoti yamekunjwa kifuani. M'e Maseipati alimshika mabega kama mama. Keneuoe alinawa, akapapasa mifupa ya mgongo ule uliokonda, akatafuta nafasi. Kwa kawaida saa hii alinyamaza. Leo alizungumza.

"Ntate Mosiuoa, uko wapi?"

"Kwenye mikono ya watu wabaya."

"Mwezi gani?"

"Julai, na sindano yako ni ya Juni, ina kutu. Aa!"

"Lia, ntate. Hakuna anayekusikia ila sisi."

"Kondoo halii."

"Huyu leo ni mbuzi," M'e Maseipati alisema. "Mimi ndiye nimeamua."

Akalia. Hakulia kwa sindano, maana sindano ilikuwa imeshaingia. Alilia kwa muda mrefu, kwa sauti nyembamba isiyomfaa mtu mkubwa vile, akamtaja mkewe na kumtaja mwanawe. Wagonjwa wengine wakageukia ukuta kwa adabu. Keneuoe alimwacha mpaka pumzi ikatulia, kwa kuwa mtu anayelia huyapandisha maji na kukidanganya kipimo. Ndipo alipousimamisha mpira. Maji, meupe kama ya chemchemi, yakapanda kando ya futi kamba. Yakapita sentimita thelathini. Yakapita arobaini. Hata siku ile ya kwanza hayakufika hapo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ile "mbili" yake.

Aliyaacha yatoke tone kwa tone, akipima, akisimama, akipima tena. Tladi alibaki dirishani muda wote huo, Lebeko amemshika huku amejifunika blanketi mpaka puani.

"Binti daktari," Mosiuoa alisema mwishowe, kama mtu anayeota. "Nilikuwa nimesahau kichwa kisichouma kinakuwaje."

"Kinakuwaje?"

"Kikubwa. Kama nyumba waliyohama watu."

Theluji ilianza kabla ya mchana. Basi lilikuwa limeshakwenda. Lebeko alilalamika kwa kila aliyetaka kumsikiliza, kisha akasema atarudi nyumbani, na Tladi atakaa kwake, na ndiyo, atamlisha, na hapana, hatampanda kwa fujo, na ndiyo, atakuja njia itakapofunguka. "Na dawa za virusi," aliongeza mlangoni, akijifanya anaitazama mvua ya theluji, "nyumba yangu na yako ni mlango kwa mlango. Naweza kupiga kelele asubuhi nikakuuliza kama umemeza. Kupiga kelele ninakujua."

"Hilo dunia nzima inakubali," Mosiuoa alijibu.

Jioni Keneuoe alirudi wodini, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Alimwekea mto wa pili. Nje kila kitu kilikuwa cheupe, na juu kabisa, mahali njia inapoanza kupinda kuelekea genge, doa la kahawia lilikuwa likipanda polepole. Lebeko alikuwa amechelewa kuondoka, akisubiri upepo upungue.

Mosiuoa aliwatazama kwa macho yote mawili. Kofia ilikuwa juu ya kabati.

Keneuoe aliogopa kuuliza, lakini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na sasa alijua pia kwamba si kazi peke yake. "Unaona farasi wangapi, ntate?"

Mosiuoa alikaza macho kwenye lile doa. Hakutaka kusema uongo, na hakutaka kumhuzunisha.

"Wawili bado," alisema. "Lakini asubuhi kati yao pangepita mkokoteni. Sasa hata mkono haupiti."

Keneuoe alivuta kiti akakaa. Wakatazama pamoja mpaka lile doa likafika kwenye kona na kumezwa na weupe, na kioo kikabaki na alama ya kiganja.

"Kesho utakuja mapema?" Mosiuoa aliuliza.

"Mapema."

"Nawe nikuulize?"

"Uniulize nini?"

"Hayo hayo. Uko wapi, na mwezi gani, na je, panauma kiasi gani."

Keneuoe alifikiria picha iliyogeuzwa ukutani, na lile neno alilompa mama yake kilimani. "Niulize," alisema. "Sitakujibu mbili."